Jinsi ya Kuwashirikisha Wagonjwa na Wananchi Katika Utafiti wa Afya Uganda: Mwongozo Kamili

Timu za utafiti zinazidi kukwama palepale. Pendekezo limeandikwa Kampala au Mbarara, wakubwa wamelipitisha, bajeti imefungwa, ndipo mtu anakumbuka kwamba kamati ya maadili itauliza jamii ilishirikishwa vipi. Kikao kinaitishwa haraka haraka. Soda zinagawiwa, watu wanapiga makofi, picha inapigwa. Miezi michache baadaye washiriki hawaji, au wanakuja mara moja na kutoweka, na uvumi wa damu inayouzwa umeshazagaa sokoni.

Tatizo si ubaya wa kikao. Kilikuja wakati hakuna kilichobaki cha kubadilisha. Kanuni ninayoifuata hapa ni moja: ukizungumza na watu mpaka mwisho na hakuna mstari hata mmoja wa pendekezo lako uliobadilika, hukumshirikisha mtu. Ulitangaza tu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mratibu wa utafiti, muuguzi aliyepewa kazi ya "mambo ya jamii", na pia mgonjwa aliyealikwa kwenye kikao asijue ana haki ya kudai nini.

Nitatumia mfano wa kubuni. Timu inataka kujua kama wagonjwa wa presha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, wataendelea vizuri zaidi na dawa wakipewa za miezi mitatu kwenye kikundi cha jirani badala ya kufuata kituo cha afya kila mwezi. Nakivale Wakongo wengi hupanga mambo yao kwa Kiswahili, na presha ni ugonjwa ambao timu hudhani hauna la kujadiliwa. Hatua hazibadiliki ukiwa Bombo, Koboko au Busia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rasimu. Si pendekezo lililokamilika. Likishakamilika, umechelewa.
- Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza mnataka kujua nini, kwa nani, na nini bado hamjaamua.
- Fungu la bajeti lenye jina lake: nauli, malipo ya muda, chakula, mkalimani, muda wa maongezi, na mtu wa kukaa na watoto wakati mama zao wako kikaoni. Likifichwa chini ya "mengineyo", ndilo la kwanza kukatwa.
- Mtu mmoja anayewajibika, mwenye simu inayopokelewa.
- Barua ya utambulisho yenye muhuri, nakala nyingi. Kila ofisi itabaki na yake.
- Daftari la maoni. Daftari la kawaida la dukani linatosha. Kazi yake iko hatua ya saba.
- Muda. Usianze chini ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya kupeleka maombi kwenye kamati ya maadili.

Bosi wako akisema haya yote ni kupoteza wakati, mwonyeshe Azimio la Helsinki, yaani kanuni za maadili ya utafiti wa afya za Chama cha Madaktari Duniani, lilivyorekebishwa Oktoba 2024. Sasa linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati unaendelea na baada yake. Neno "kabla" ndilo la kumsomea kwa sauti.

## Hatua ya 1: Tenganisha yanayobadilika na yasiyobadilika

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika yasiyobadilika: kipimo cha 140/90 kinachotumika kutambua presha, aina za dawa zinazopatikana kituoni, kiasi ambacho mfadhili ametoa. Kulia andika yaliyo wazi: nani aingie, nani asiingie, apimwe wapi na saa ngapi, aulizwe nini, arudi mara ngapi, na matokeo gani yahesabiwe kuwa mafanikio.

Ukiona upande wa kulia umebaki na rangi ya fulana na mahali pa kufanyia sherehe ya uzinduzi, simama hapo. Rudi kwa mtafiti mkuu mkaufungue upya mradi.

Hatua hii ina sababu. Wananchi waliozoea kuhojiwa, na Nakivale wamehojiwa sana, wanatambua haraka kama swali lako ni la kweli au la kupitisha muda. Ukiwaambia wazi "hili hatuwezi kuligusa, lile tunaomba mtusaidie kuliamua", watakusikiliza.

Umefanikiwa ikiwa mtafiti mkuu ameisaini karatasi hiyo, hasa upande wa kulia.

## Hatua ya 2: Piga hodi milango inayostahili

Kwenye kijiji cha kawaida anza na ofisi ya afya ya wilaya, mkuu wa kituo cha afya na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kwenye makazi ya wakimbizi unahitaji kibali cha Idara ya Wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha unaripoti kwa kamanda wa makazi, halafu viongozi wa wakimbizi wenyewe, yaani wa RWC, mabaraza ya ustawi wa wakimbizi. Nakivale ina kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na aliyekupokea kwenye moja hakusemei nyingine.

Kiongozi anafungua mlango. Hakubali kwa niaba ya mtu yeyote, na usimwachie achague peke yake nani aketi kikaoni.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Mshauri si mshiriki. Mshauri anasaidia kutengeneza utafiti, mshiriki anatoa taarifa zake au damu yake. Ukianza kurekodi maneno ya washauri ili uyachambue na kuyachapisha kama takwimu, umewageuza washiriki, na hapo unahitaji kibali cha maadili kwanza. Iandikie kamati yako mapema uulize mstari unapita wapi kwa mradi wako, uitunze barua ya jibu.

## Hatua ya 3: Chagua watu, usikusanye watu

Watu 8 hadi 12 wanatosha. Tafuta hawa:

- mgonjwa anayemeza dawa vizuri, na mwingine aliyeacha. Aliyeacha ndiye mgumu kumpata na ndiye mwenye maneno
- anayemuuguza mtu aliyepooza kwa kiharusi
- kijana, kwa sababu wazee wataongea juu yake asipokuwepo
- mwenye ulemavu
- mwenyeji wa Isingiro, si wakimbizi peke yao, maana kituo wanakitumia wote
- mtu anayeishi mbali kabisa na kituo

Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, watakusaidia kuwafikia. Wasihesabiwe kuwa wagonjwa. VHT ni sehemu ya huduma mnayoichunguza, na kwenye mfano wetu huenda yeye ndiye atakayegawa dawa za kikundi.

Mkwepe kwa heshima mshauri wa kudumu, yule anayeketi kwenye kila bodi ya kila shirika na anajua tayari mnapenda kusikia nini. Mmoja anafaa, kwa sababu anajua taratibu. Wanne wataua kikao.

Onyo. Usimwalike mtu kwa namna inayotangaza ugonjwa wake. Kwa presha madhara ni madogo. Kwa VVU, kifua kikuu au afya ya akili, pikipiki ya mradi yenye nembo ikisimama mbele ya nyumba ya mtu inatosha kumvunjia ndoa. Piga simu, au mkutane kituoni siku yake ya kawaida.

## Hatua ya 4: Panga malipo kabla ya mtu kuuliza

Lipa nauli ya kwenda na kurudi kwa bei halisi ya boda boda ya siku hiyo, si ya jedwali la mwaka juzi. Lipa na muda. Kiwango kiwe kimoja kwa mwenyekiti na kwa mama anayeuza nyanya. Ukituma kwa mobile money, ongeza ada ya kutolea. Lipa siku hiyohiyo.

Karatasi ya mahudhurio yenye jina, sahihi, namba ya simu na kichwa cha habari "Wagonjwa wa..." isizungushwe mezani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na taarifa za afya ya mtu si za kupita mkono kwa mkono.

Sema pia, kwa mdomo na mapema, kwamba kukubali au kukataa hakuhusiani na mgao wa chakula, kadi ya ukimbizi wala kupelekwa nchi ya tatu. Usingoje mtu aulize. Hataki kuonekana anauliza.

## Hatua ya 5: Tengeneza maelezo yanayoshikika

Kiswahili cha Mkongo wa Nakivale si cha kitabuni. Fomu iliyotafsiriwa na mtaalamu aliyesoma Dar es Salaam itakuwa safi, na nusu ya ukumbi haitaielewa. Mpe rasimu mzungumzaji wa palepale aisome kwa sauti. Akikwama, badilisha sentensi, usimbadilishe msomaji.

Halafu yaonyeshe mambo badala ya kuyasema:

Damu. Kama mtapima figo, chukua kichupa kilekile cha maabara, kijaze maji kwa kijiko cha chai mbele yao. Mililita 5 ni kijiko kimoja. Kichupa kizunguke, kila mtu akishike. Eleza damu inapelekwa wapi, inakaa muda gani, na kinachobaki kinafanywa nini. Uvumi hukaa pale ambapo safari ya kichupa haikusimuliwa hadi mwisho.

Kugawanywa kwa bahati nasibu, yaani nani apate dawa za kikundi na nani aendelee kufuata kituo. Weka vikaratasi vilivyokunjwa kwenye kapu, nusu vina alama. Kila mtu achukue kimoja. Uliza: "Nani amechagua nani apate alama?" Jibu likitoka kwao kwamba hakuna aliyechagua, mmeelewana.

Haki ya kujitoa. Mwombe mtu mmoja aeleze kwa maneno yake nini kitampata akiacha katikati. Akisema "nitanyimwa dawa", maelezo yako bado hayajakaa sawa, hata kama fomu imeandikwa vizuri.

## Hatua ya 6: Kikao chenyewe

Siku kwanza. Isiwe siku ya mgao, isiwe Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na isiangukie wiki ambayo mvua imeanza na watu wako shambani. Muulize mtu wa huko kabla ya kuchapisha barua.

Ukaaji uwe wa duara, pasiwe na meza kuu. Watafiti wawili wanatosha, ukileta kumi watu watawatazama ninyi. Na daktari anayewatibu asiwepo ndani. Nani atasema mbele yake kwamba dawa zake hazimezwi?

Usifungue na "mnaonaje utafiti wetu?" Jibu lake linajulikana: ni mzuri, tunashukuru, karibuni tena. Fungua na safari: "Tuelezeni mara ya mwisho mlipofuata dawa, tangu mlipotoka nyumbani mpaka mliporudi." Kisha nyamaza. Ukimya wa mwanzo ni mrefu, uvumilie.

Tuone kwa karibu kinachoweza kutokea. Dodoso la rasimu yetu lina swali hili: "Katika siku saba zilizopita, ulisahau kumeza dawa mara ngapi?" Unalisoma kwa sauti, ukiomba walikosoe.

"Sijasahau hata mara moja, mwanangu," anasema mama mmoja. "Lakini siku ya foleni simezi."

"Kwa nini, mama?"

"Ile dawa inanipeleka chooni. Choo kiko mbali. Nikitoka kwenye mstari, nafasi imekwenda."

Dawa anayoisema ni ya kupunguza maji mwilini, kama hydrochlorothiazide. Kumpeleka chooni ndiyo kazi yake. Mama huyu angejibu dodoso "sifuri" na asiwe amedanganya, na utafiti ungemwandika kuwa anameza dawa kikamilifu. Timu ingebaki kushangaa kwa nini presha haishuki. Swali sahihi limetoka kinywani mwake: kuna siku uliamua kutomeza, siku gani, na kwa sababu gani? Mwingine atasema aliacha kwa kuwa miguu ilivimba, jambo ambalo amlodipine hulisababisha kwa baadhi ya watu, akadhani figo zimekufa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Onyo. Kikao si kliniki. Usimwambie mama abadilishe saa ya kumeza au aache kidonge. Andika jina lake pembeni, mpeleke kwa mhudumu siku hiyohiyo.

Wasemaji wakubwa watajitokeza, na huwezi kumkatiza mzee. Tumia maharage. Chora kila suala kwenye karatasi kubwa, mpe kila mtu punje tano aziweke anapoona pana uzito, mwenyekiti na kijana sawasawa. Kisha mzungumzie karatasi yenye punje nyingi. Kwa mambo ya uzazi, dawa na nguvu za kiume, au vipigo nyumbani, tenga wanawake na wanaume mapema, na anayeongoza awe wa jinsia yao.

Umefanikiwa ikiwa umetoka na angalau jambo moja lisilopendeza. Kikao cha sifa tupu kirudiwe, safari hii kikiongozwa na mtu asiyetoka kwenye timu.

## Hatua ya 7: Jaza daftari la maoni

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi kuliko zote. Kila oni lina sehemu tatu: lilivyosemwa, uamuzi, na sababu. Majina hayaandikwi. Kwa mfano wetu, ukurasa mmoja ungekuwa hivi:

*Oni:* Swali la kusahau dawa haliwagusi wanaoacha kwa makusudi.
*Uamuzi:* Limebadilishwa.
*Sababu:* Lingetupa majibu ya uongo bila mtu kudanganya.

*Oni:* Majirani wakiwekwa makundi tofauti, watagawana dawa.
*Uamuzi:* Tutagawa kwa kijiji kizima, si kwa mtu mmoja mmoja.
*Sababu:* Dawa zikichanganyika, hatutajua mpango upi umefanya kazi. Mtakwimu ahesabu upya idadi ya washiriki, kwa kuwa mgawanyo wa namna hii huhitaji watu zaidi.

*Oni:* Kila mgonjwa apewe mashine ya kupimia nyumbani.
*Uamuzi:* Hapana.
*Sababu:* Bajeti haitoshi. Kila kikundi kitakuwa na mashine moja.

*Oni:* Walioacha dawa wameondolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.
*Uamuzi:* Wataingia.
*Sababu:* Ndio hasa tunaotaka kuwaelewa.

Tazama hilo la kugawana dawa. Limegusa mpango mzima wa utafiti, na aliyelitoa hakuhitaji kujua takwimu hata kidogo.

Ndani ya wiki mbili rudi kwa watu walewale, wasomee daftari, na "hapana" zote zisomwe. Mtu aliyeambiwa "hapana, kwa sababu hii" atarudi kikao kijacho. Aliyenyamaziwa hatarudi, na atakuwa ameeleza wenzake sababu.

## Hatua ya 8: Peleka kwenye kamati ya maadili

Mlolongo ni huu: kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha usajili kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda (UNCST). Ikiwa ni jaribio la dawa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA) nayo lazima iidhinishe. Ambatanisha daftari la maoni na mpango wa kuendelea kushirikisha. Fomu za ridhaa zipelekwe katika kila lugha mtakayotumia, pamoja na utaratibu wa asiyejua kusoma: alama ya dole gumba, mbele ya shahidi asiye wa timu.

Baada ya kibali, oni lolote jipya linalobadilisha dodoso au fomu linarudi kwenye kamati kabla ya kutumika. Waambie washauri hivyo, wasidhani mmewapuuza.

## Hatua ya 9: Endelea nao kazi ikianza

Kutana kila baada ya miezi mitatu, kikao kifupi. Ajenda tatu zinatosha: nani anajitoa na kwa nini, uvumi gani unazunguka, nini kinawakera wapimaji na wapimwaji.

Uvumi uandikwe kama ulivyo, bila kuupamba. "Wanasema mnapeleka damu Kampala kuuza" ni taarifa ya kazi. Jibu lake si barua kutoka makao makuu. Wachukue washauri wawili hadi maabara, waone kichupa kinavyoingia, kinavyopimwa na kinavyotupwa, wakasimulie wenyewe. Usiwageuze kuwa wasemaji wenu lakini. Siku wanayoanza kuwatetea katika kila jambo, jamii itaacha kuwaambia ukweli.

## Hatua ya 10: Rudisha majibu, na mwachie mtu kitu

Tarehe ya kurudisha matokeo iandikwe kwenye pendekezo tangu mwanzo, na fedha zake zitengwe, kwa sababu mwisho wa mradi gari limeshachukuliwa. Rudi mahali palepale, karatasi moja ya Kiswahili, mambo matatu: tulichouliza, tulichokuta, nini kitabadilika kituoni na lini. Kama hakuna kitakachobadilika, sema. Aliyekutwa na presha ya juu awe ameshapelekwa kwenye matibabu zamani, matokeo ya mtu binafsi hayangoji sherehe.

Ukiandika makala, tumia fomu ya GRIPP2 iliyotoka mwaka 2017 kueleza ushirikishwaji ulivyofanyika na ulichobadilisha. Kwa daftari lililojazwa vizuri ni kazi ya mchana mmoja. Waulize washauri mmoja mmoja, faraghani, kama wanataka majina yao yatajwe. Mkimbizi anaweza kuwa na sababu asizozisema za kutotaka jina lake liwe kwenye mtandao.

Nakala ya daftari, lisilo na majina, ibaki kwa washauri wenyewe na nyingine kwa mkuu wa kituo. Timu inayofuata ikija na barua yenye muhuri, ipewe daftari hilo ilisome kabla ya kuitisha kikao.